Mtu Mzima na Chuo Kikuu
Mazungumzo kwa watu wa Kitahana, Kibondo na Kasulu

Nimepewa muda mfupi wa kusema nanyi juu ya jambo moja, nalo ni hili: Je, mtu aliyekwisha kuwa mzima, mwenye nyumba na watoto, na pengine wajukuu, aweza kuingia katika masomo ya chuo kikuu? Na kama aweza, apite njia gani, na faida yake ni nini?

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mara nyingi jibu lake hutolewa kabla swali halijaisha kuulizwa. Mtu akisema, "Nataka kusoma," jirani humwuliza, "Umri wako umekuwa mingapi?" Basi mazungumzo huishia hapo, na aliyetaka kusoma huona haya, akashika jembe lake akaenda zake shambani. Wala jirani yule si mtu mwovu. Asema lile alilolisikia kwa wengine, ya kuwa kusoma ni kazi ya watoto, na kazi ya wazee ni kuwalipia watoto ada.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Watu wa pwani wa zamani waliposema chuo, walikuwa na maana ya kitabu. Kisha neno hilo likawa pia jina la mahali pa kufundishia. Na mtu aliyezama katika vitabu waliitwa mwanachuoni. Sasa, ukiambiwa ya kuwa kesho mwanachuoni atafika kijijini, wamtazamia mtu wa namna gani? Humtazamii mvulana wa miaka 20. Wamtazamia mtu mwenye mvi, aliyesoma miaka mingi na bado asoma. Basi lugha yetu yenyewe haikumfungia mtu mzima mlango wa elimu. Mlango huo tuliufunga sisi wenyewe baadaye, tulipoanza kuihesabu elimu kwa madarasa na kwa miaka ya kuzaliwa, tukadhani ya kuwa mtu aliyeachwa na darasa ameachwa na elimu.

Pili, yafaa tujue kwa nini watu wengi wa nchi hii waliachwa na darasa. Haikuwa kwa upungufu wa akili. Zamani za utawala wa Wajerumani, na baada yao Waingereza, nchi ya Buha ilihesabiwa kuwa mahali pa kupata watu wa kazi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi vijana wa milima hii walisafiri mbali kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mahali palipotazamwa kwa ajili ya mikono ya watu wake hapakujengwa shule nyingi kwa ajili ya vichwa vyao. Baba aliyekwenda mkongeni alirudi na nguo na fedha kidogo, wala hakurudi na cheti.

Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1961 njia haikunyoka mara moja. Mwaka 1977 Serikali iliamuru watoto wote waingie shule ya msingi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Walakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo watoto maelfu walimaliza darasa la saba, wakafaulu mtihani, lakini hawakuchaguliwa, kwa sababu viti vilikuwa vichache. Angalieni sana maneno haya mawili, kufaulu na kuchaguliwa, maana hayana maana moja. Shule za sekondari za kata zilikuja kuenea baada ya mwaka 2004, na wakati huo watoto wale walikuwa wamekwisha kuwa baba na mama. Wako kati yenu leo watu wenye miaka 50 na zaidi ambao hakuna mwalimu aliyewaambia ya kuwa ni wajinga. Waliambiwa tu ya kuwa nafasi hakuna. Lakini kwa kuwa miaka imepita mingi, wengine wamesahau sababu, wakajiwekea wenyewe hukumu ya ujinga ambayo haikutolewa na mtu ye yote.

Na wako wanawake walioachishwa shule kwa kuolewa, au kwa kupata mimba. Kwa muda mrefu msichana aliyechukua mimba alifukuzwa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Katika mwezi wa Novemba, mwaka 2021, Serikali ilitangaza ya kuwa wanafunzi wa namna hiyo waruhusiwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo yawafaa wasichana wa sasa. Lakini mama zao, waliofukuzwa miaka 20 au 30 iliyopita, hawawezi kurudi kuketi katika dawati pamoja na watoto. Hao nao wahitaji njia yao.

Njia hiyo ipo, wala haikuanza leo. Mwaka 1961 kilifunguliwa huko Dar es Salaam Chuo cha Kivukoni, kwa ajili ya watu wazima ambao wengi wao hawakuwa na masomo marefu. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alisema ya kuwa sharti watu wazima wafundishwe kwanza. Sababu aliyoitoa ni rahisi: watoto watachukua miaka mingi kabla hawajaleta faida katika nchi, lakini mtu mzima akijifunza jambo leo, kesho alitumia shambani na nyumbani mwake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Wazee wetu wakumbuka pia habari za redio. Mwaka 1973 kulikuwa na masomo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Watu wapata milioni 2 waliingia katika vikundi hivyo nchi nzima. Na kwa hesabu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 67 katika kila 100 mwaka 1967. Hata ilipofika mwaka 1986 walikuwa wamebaki 10 hivi katika kila 100. Hesabu hiyo haikupunguzwa na watoto. Ilipunguzwa na baba na mama waliotoka shambani jioni wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea mpini.

Haya, huo ulikuwa mwanzo wa elimu. Na chuo kikuu je? Mwezi wa Novemba, mwaka 1974, lilitolewa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilisema ya kuwa mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Sharti kwanza afanye kazi, kisha aje na ushuhuda wa kazi yake na tabia yake. Utaratibu huo ulibadilishwa baadaye, lakini katika miaka ile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea watu waliokwisha kuwa watumishi na walimu, na mtihani wa watu wazima ukawa mlango unaojulikana. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ilifanywa kuwa chombo chenye sheria yake mwaka 1975. Kisha mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994.

Jina hilo la Huria lataka maelezo. Chuo cha namna hii hakimwiti mwanafunzi aache nyumba yake aje akae bwenini miaka mitatu. Chenyewe humfuata alipo. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo vya mikoa, na kimojawapo ni cha Kigoma. Mwanafunzi husoma nyumbani kwake kwa vitabu na maandishi, na siku hizi kwa simu na kompyuta kwa njia ya mtandao. Huandika kazi anazopewa. Kisha hufanya mitihani kituoni. Ada yake huhesabiwa kwa kadiri ya masomo anayoyachukua, hata mtu mwenye kipato kidogo aweza kuchukua masomo machache kwa mwaka, akachelewa kumaliza pasipo kufukuzwa.

Wala msidhani ya kuwa desturi hii ni ya kwetu tu, au ya kuwa ni elimu ya daraja la pili. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwapa mitihani na shahada watu waliosoma mbali nacho. Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Uingereza ilianzisha chuo kikuu huria chake mwaka 1969, na wanafunzi wakaanza mwaka 1971, wengi wao wakiwa watu wenye kazi na watoto. Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta katika miaka ya kifungo chake, akapata shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, na umri wake ni miaka 70 hivi. Na huko Italia mzee mmoja, Giuseppe Paternò, aliyekuwa mtumishi wa reli, alipokea shahada ya Chuo Kikuu cha Palermo mwaka 2020, naye alikuwa na miaka 96.

Karibu zaidi na sisi, jirani zetu wa Kenya wamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Nchi yao ilipofuta ada ya shule ya msingi mwaka 2003, yeye alisema ya kuwa tangazo halikutaja umri. Mwezi wa Januari, mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza karibu na Eldoret, amevaa kaptura na soksi kama wenziwe wadogo. Alifariki mwaka 2009, hakufika chuo kikuu. Lakini aliyeweza kuanza na herufi katika umri huo ametuondolea sisi wenye miaka 40 na 50 udhuru wa uzee.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo kubwa, yaani ngazi yenyewe. Nitaieleza pole pole, nanyi mwenye karatasi na aandike. Kila mtu aanze pale alipoachia.

Ikiwa uliishia darasa la saba, usitazame chuo kikuu kwanza; tazama kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania lina mtihani uitwao Mtihani wa Maarifa, kwa ajili ya mtu ambaye hakupita sekondari. Ukiushinda, wapata ruhusa ya kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yake waweza kuyapata kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kwa walimu wanaofundisha jioni. Hii ni kazi ya miaka, si ya miezi. Lakini cheti utakachopata ni kile kile apatacho kijana wa sekondari.

Ikiwa umekwisha kuwa na cheti cha kidato cha nne, lakini alama zako ni haba, tazama kozi za cheti, kisha stashahada. Kwa kawaida kozi za cheti hutaka uwe umefaulu masomo manne. Ukimaliza stashahada kwa wastani mzuri, usiopungua 3.0, waweza kuomba kuingia shahada, pasipo kupita kidato cha sita. Njia hii imewafaa sana walimu, na waganga wa zahanati, na mabwana shamba, ambao kazi yao yenyewe imewafundisha nusu ya somo.

Ikiwa umefanya kazi miaka mingi, na maarifa yako ni makubwa kuliko vyeti vyako, iko njia ya tatu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka utaratibu wa kupima maarifa mtu aliyoyapata kazini na katika maisha. Mtu huonyesha ushahidi wa kazi zake na hufanya mtihani. Akifaulu aweza kuomba nafasi ya shahada. Wakati wa mtihani huo hutangazwa, basi ni vema kuuliza mapema katika kituo cha Kigoma, na kuyasoma matangazo ya Tume yenyewe.

Na hapa nawaonya kwa nguvu. Msimpe fedha mtu asemaye ya kuwa ana jamaa wa kuwapitisha. Msijiandikishe katika chuo ambacho hamkuhakikisha kwa Tume ya kuwa kimesajiliwa. Na msinunue cheti. Mwezi wa Aprili, mwaka 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa Serikali ulipomalizika, watu 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakapoteza kazi zao. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, na wengine kazi yao walikuwa wakiijua vema. Fikirini msiba huo: mtu ajua kazi, aifanya kwa miaka 20, lakini kwa kuona haya kurudi nyuma kufanya mtihani wa kidato cha nne alinunua karatasi ya uongo, na karatasi ile ikaja kumla uzeeni. Mtihani wa kujitegemea ulikuwapo siku zote hizo. Haya ya kusoma ukiwa mkubwa ni ndogo sana ukiilinganisha na aibu ile.

Basi na tuyajibu yale yanayosemwa na watu.

La kwanza, husema, "Kichwa cha mtu mzima hakishiki tena." Ni kweli ya kuwa kijana hukariri upesi kuliko mtu mzima. Lakini masomo ya chuo kikuu hayataki kukariri peke yake. Yataka kupima jambo, na kulinganisha, na kutoa sababu. Mama aliyeuza maharage ya Kasulu miaka 20, akajua lini bei hupanda na kwa nini, akifundishwa habari za biashara hafundishwi jambo geni. Apewa majina na hesabu ya jambo alijualo. Mfugaji wa nyuki wa Kibondo ajua miti na majira ya maua. Kitabu cha elimu ya misitu kitamkuta nusu ya njia. Mzee wa baraza aliyesuluhisha kesi za mipaka ya mashamba ana mifano mingi kuliko kijana asomaye sheria ya ardhi pasipo kuwahi kuona mpaka. Kijana huja na kumbukumbu nyepesi. Mtu mzima huja na mambo ya kukumbuka.

La pili, husema, "Fedha zitoke wapi?" Hapa sitawadanganya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeweka katika miongozo yake ya miaka ya karibuni ya kuwa mwombaji wa mkopo wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35. Maana yake, mtu wa miaka 45 sharti ajilipie mwenyewe, au alipiwe na mwajiri wake. Naona jambo hili lastahili kuzungumzwa tena na wakubwa wa nchi, kwa sababu waliokosa nafasi za sekondari kwa uchache wa shule ndio hao hao waliopita miaka 35 kabla njia haijafunguka. Walinyimwa mara ya kwanza kwa kuwa viti vilikuwa vichache, na mara ya pili kwa kuwa miaka yao ni mingi. Lakini hata litakapozungumzwa, ada ya mwaka huu haitangoji. Kwa hiyo nawashauri: msiuze shamba. Msichukue ada ya mtoto. Chukueni masomo machache kwa mwaka, na mwekeze kidogo kidogo katika vikoba, kama mnavyoweka kwa ajili ya mbegu na bati. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa chuo kinachohesabu ada kwa masomo, methali hii si maneno matupu.

La tatu, husema, "Nikimaliza nitakuwa nimekaribia kustaafu, faida i wapi?" Swali hili ni la haki, nalo lataka hesabu. Mtumishi wa Serikali kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Mwalimu wa miaka 40 akianza sasa, hata akichukua miaka 6, atakuwa na miaka 14 ya kuitumia shahada yake darasani; na hiyo si michache. Mwenye miaka 57 asitazamie mshahara mkubwa; huyo na asome kwa sababu nyingine. Na sababu nyingine ziko. Mzee aliyesoma aweza kuusoma mkataba wa ardhi kabla hajautia dole gumba. Aweza kuhoji hesabu za chama cha ushirika. Aweza kuandika habari za Buha, ambazo mpaka leo zimeandikwa zaidi na wageni kuliko na wenyewe. Wazee wanaozijua zile tawala za zamani, Heru na Muhambwe na Buyungu, wanapungua kila mwaka. Mtu wa kuzikusanya habari hizo kwa utaratibu wa kitaalamu, tena kwa kuulizana na wazee kwa Kiha, hatatoka mbali. Sharti atoke kwenu, na huenda akawa na mvi.

La nne lasemwa juu ya wanawake, nalo ni hili: "Mama akisoma, nani atapika?" Nami najibu ya kuwa nchi hii si mgeni wa heshima ya mwanamke. Kabla ya Uhuru, Heru ilitawaliwa na Mwami Theresa Ntare, na watu walimtii. Nchi iliyokubali kuhukumiwa na mwanamke barazani yawezaje kukataa mwanamke asome usiku nyumbani kwake? Lakini sitaki kuliepuka swali, kwa sababu ugumu ni wa kweli. Mama huamka kabla ya jua, huenda kuteka maji, hulima, hupika, huuguza. Akiketi na kitabu saa tatu ya usiku macho yake yamekwisha kuchoka. Dawa yake haiko chuoni. Iko kwa mume na kwa watoto wakubwa. Saa mbili kwa siku zikichukuliwa na wengine katika kazi za nyumbani, mama huyo amepata chuo kikuu. Zikikosekana, hata ada ikilipwa yote, hatafaulu. Kwa hiyo mume asemaye, "Nimemruhusu mke wangu asome," ajiulize kama amechukua ndoo hata mara moja.

La tano, husema, "Tuko mbali." Ni kweli. Kutoka Kibondo kwenda Kigoma ni safari, na wakati wa masika ni safari zaidi. Mtandao wa simu haufiki mabonde yote, na si kila nyumba ina taa nzuri. Hapa nawarudisha kwenye vikundi vya mwaka 1973. Watu watano wa kata moja wakisoma pamoja, wahitaji simu moja nzuri, si tano. Nauli ya mtu mmoja kwenda kituoni kuchukua habari na maandishi, si nauli za watu watano. Na taa moja. Tena katika kikundi mmoja akichoka mwenziwe humwamsha. Masomo ya mbali huwashinda wengi kwa upweke kuliko kwa ugumu wake. Ninyi mnaojua kulima kwa ujima, jifunzeni na kusoma kwa ujima.

Mabwana na mabibi, wakati wangu wakaribia kwisha. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwenye cheti cha zamani na akitafute sandukuni, akihifadhi pasipo na mchwa wala maji, maana ndicho ufunguo wa kwanza; na aliyekipoteza aulize Baraza la Mitihani utaratibu wa kufuata. Pili, walimu na watumishi mlioko vijijini, mtu mzima akija kuwauliza habari za masomo, msimcheke, wala msimjibu kwa haraka. Huenda amekaa miaka 10 akitafuta moyo wa kuuliza swali hilo moja. Tatu, ninyi wenye watoto walioko chuoni, ulizeni wawaonyeshe vitabu vyao, msome nao. Mtoto aonaye baba yake na kitabu mkononi hahitaji kupigwa ili asome.

Sikusema ya kuwa kila mtu mzima sharti aende chuo kikuu. Wako wasiopenda, na wako ambao kazi zao njema hazihitaji shahada, nao ni watu kamili. Nasema tu ya kuwa asizuiwe anayetaka, na zaidi ya yote asijizuie mwenyewe. Miaka minane ijayo itapita juu ya Kitahana, mtu asome au asisome. Mwenye miaka 45 atakuwa na miaka 53 kwa vyo vyote. Linalobaki mkononi mwake ni kuchagua awe na miaka 53 pamoja na ile elimu aliyoitamani, au awe nayo pasipo elimu hiyo.